Kochi Lililoombewa

Mara ya kwanza nilipokohoa damu, kitu cha kwanza nilichoangalia ni kochi. Nasema hili mapema ili usije ukanidhania mtu wa maana. Damu ilikuwa kwenye leso, doa dogo tu, na mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, mshiriki kamili wa kanisa, nikapiga magoti. Si kuomba. Nilikuwa nachungulia kama kuna tone lililoangukia kitambaa cha kufuma. Halikuwepo. Nikasema, "Asante Yesu," nikakunja leso, nikaitia mfukoni, nikaendelea kutazama taarifa ya habari.

Upumbavu ninao mwingi, lakini huo ndio uliozaa mwingine wote, kwa hiyo nimeanza nao.

Ninakaa Sori, kando ya Ziwa Victoria, na sitoki sana. Mke wangu, Mama Adhiambo, ndiye anayeshuka ufuoni kila asubuhi kununua omena, dagaa wa ziwani, za kuuza sokoni. Mimi natengeneza redio na simu za watu pale nyumbani, nachemsha chai, nafukuza kuku. Majirani wananiita Min Ot, yaani mama mwenye nyumba, na nimezoea. Aliyeanzisha jina hilo ni jirani yetu wa karibu, mjane anayebanika samaki, tunayemwita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kwa sababu aliolewa huku akitokea kisiwa hicho. Mdomo wake hauna breki.

Kochi lenyewe nilinunua mjini Migori kwa Bwana Salim, Mwislamu aliyetoka pwani akafungua duka la fanicha pale. Viti vya watu saba, rangi ya maziwa, na vifungo vya dhahabu ya uongo kwenye mikono. Salim mwenyewe alinionya.

"Mzee, rangi hii na vumbi la kwenu? Chukua ya kahawia."

Nikamwambia Mungu wangu si wa kahawia. Alinitazama vile mwenye duka hutazama mteja mpumbavu, yaani kwa heshima nyingi.

Sasa, kwetu gari jipya huombewa. Nyumba mpya huombewa, hata pikipiki. Mimi sikuwa na gari, na nyumba yangu ilikuwa imezeeka bila kuombewa na mtu. Nikamwita pasta aje aombee kochi. Alikuja na kichupa cha mafuta na watu kama ishirini, wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Sikuwaruhusu kukaa. Ndiyo, umesoma vizuri. Watu ishirini walisimama wima kwenye sebule yangu wakiombea viti ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia. Nailoni ya dukani ilikuwa bado imevifunika, na juu ya nailoni vitambaa, na juu ya vitambaa macho yangu.

"Hii ni neema inayoonekana kwa macho!" pasta akapaza sauti, akidondosha mafuta kwenye mkono wa kiti. "Semeni amina!"

"Amina!"

Nilimfuata nyuma na kitambaa, napangusa upako kabla haujaacha alama. Halafu nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu hatimaye amenikumbuka, kana kwamba miaka yote tuliyokalia vigoda alikuwa amenisahau.

Nyar Rusinga alifika amechelewa, ananuka moshi na samaki. Nilimwahi mlangoni na kiti cha plastiki, nikamweka pale kizingitini. Alikaa, akaangalia viti vitupu, akaangalia watu waliosimama.

"Ai, Min Ot," akasema, "kwani Yesu mwenyewe akija leo atapewa hii ya plastiki?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa gumu. Nadhani ningempa ya plastiki.

Kikohozi kilianza kiangazi kile cha mwanzo wa mwaka, vumbi la barabarani likiruka mpaka ziwani. Niliamua ni vumbi. Nikanunua dawa ya maji ya kikohozi, ile tamu, nikaongeza pazia la pili, nikafunga madirisha yote manne. Naomba uifuate hesabu hii ya mtu wa kidato cha nne: vumbi linanikohoza, vumbi pia linaharibu kochi, kwa hiyo nikifunga madirisha tutapona wote wawili, mimi na kochi. Nikajifungia humo tangu asubuhi mpaka jioni. Na sikujifungia peke yangu. Nilikuwa na Achieng, mjukuu wetu wa miaka mitatu, ambaye mama yake, binti yetu Adhiambo, anafanya kazi ya saluni Kisumu. Achieng alikuwa amekatazwa kupanda kochi. Kwa hiyo alikaa mkekani, miguuni pangu, akicheza na redio mbovu. Mimi nilikohoa kuelekea chini, ili nisichafue viti.

"Baba Adhiambo," mke wangu aliniambia wiki baada ya wiki, "twende hospitali. Hiyo si homa."

"Ni vumbi."

"Vumbi gani linakula makalio ya mtu? Suruali inakuanguka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetoboa mshipi kwa msumari mara tatu. Mashati yalinikaa kama yametundikwa kwenye msalaba wa kutishia ndege. Kila asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho. Mvua ndefu ziliponyesha vumbi likaisha, kikohozi kikabaki, na ndipo ile damu ikatoka. Hata baada ya damu nilikaa siku tisa zaidi, kwa sababu kamati ya akina mama wa kanisa ilikuwa imepanga kuja kuona kochi.

Nilipokubali hatimaye, sikwenda zahanati ya hapa Sori, ambayo naiona nikisimama mlangoni. Nilikwenda Homa Bay, safari ya karibu siku nzima kwenda na kurudi, ili washirika wasinione. Mtu aliyeombewa kochi hadharani hawezi kuonekana kwenye foleni ya watu wanaokohoa. Walinipa barakoa, wakanielekeza kwenye mabenchi ya nje, chini ya paa lisilo na kuta. Nikakaa. Aliyekuwa amekaa kando yangu akageuka upande wa pili haraka mno. Nikamtambua kwa umbo la masikio yake. Alikuwa mzee wa kanisa letu, yule anayesoma matangazo kila Jumapili.

"Mzee," nikasema.

"Ndugu," akasema. Akapandisha barakoa yake. "Nimekuja kuona mgonjwa."

"Hata mimi."

Tukakaa, wageni wawili wa wagonjwa, kila mmoja na kichupa cha kutemea makohozi mkononi chenye jina lake. Tulizungumza juu ya mvua. Muuguzi alipoita jina lake aliinuka bila kuniangalia, akanisalimia kwa mgongo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia ni TB. Aliniambia inapona kabisa nikimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Nilipimwa pia magonjwa mengine yote ambayo watu huyanong'ona, sikuwa nayo, lakini huko nyumbani walinong'ona juu yangu vilevile. Halafu akaanza maswali.

"Nyumba ina madirisha?"

"Manne."

"Mnayafungua?"

Nikakohoa. Ndiyo mara ya pekee kikohozi kile kilinifaa kwa jambo.

"Na nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Hapo kikohozi hakikunisaidia. Nilimwambia yupo mmoja. Akauliza anakaa wapi mchana. Nikasema mkekani, miguuni pangu. Kalamu yake ikasimama. Akasema niende nimlete apimwe. Akaongeza kwamba dawa nilizofuata mpaka Homa Bay zinapatikana zahanati ya kwetu.

Nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alipanda kwenye stuli, akang'oa mapazia yote, la kwanza na la pili, na misumari yake, akafungua madirisha manne mpaka bawaba zikalia. Jua liliingia mle ndani kama mgeni aliyekasirika. Kisha akambeba Achieng kumpeleka chumbani kwake, akarudi kusimama mbele yangu.

"Miezi mitatu nimekuambia," akasema. "Miezi mitatu ukaniambia vumbi."

Tangu siku hiyo hakusema nami kwa wiki mbili isipokuwa "chai" na "dawa". Chakula changu kililetwa kwenye sahani ya bati. Kitanda changu kikawa kochi. Nikwambie kitu kuhusu kochi la rangi ya maziwa: halilaliki. Nailoni inakugandisha mgongo, vifungo vya dhahabu vinakuchoma mbavu, na mimi mbavu nilikuwa nazo zote nje. Nililala juu ya neema yangu inayoonekana kwa macho na nikaamka na alama zake mwilini kama mtu aliyechapwa.

Vidonge vilikuwa vinne kila asubuhi, vikubwa, vya kumeza kabla ya kula. Mkojo ulitoka rangi ya soda ya machungwa. Usiogope ukiuona, mimi nilifikiri nayeyuka. Viungo viliuma, ngozi iliwasha, tumbo liligeuka. Zahanati walitaka awepo mtu wa kuniangalia nikimeza, kila siku, na mke wangu alfajiri yuko ufuoni. Nikampigia pasta simu. Alisema ananiombea, halafu akatuma ujumbe kuthibitisha kwamba ananiombea. Wale watu ishirini? Walikuja wawili, wakaombea mapafu yangu wakiwa nje ya lango, wakaondoka. Siwalaumu. Ni mimi niliyewafundisha kusimama.

Aliyekuja ni Nyar Rusinga. Hakuna aliyemwita. Alitokea asubuhi moja na kikombe cha uji, akaketi juu ya jiwe uani.

"Fungua mdomo, Min Ot. Meza. Onyesha ulimi. Yawa, ulimi kama wa sangara aliyelala juani."

Alikuja hivyo kila siku. Nilipotapika, alingoja. Nilipomwambia leo sitaki, aliniuliza kama nataka yeye anipikie mazishi, kwa sababu anajua kupikia watu wengi. Baada ya kidonge cha mwisho aliomba, ombi lilelile, la pumzi moja: "Baba, huyu ni wako, sisi hatumwezi. Amina." Akaenda kwa samaki wake. Wiki nzima nilitafuta namna ya kumwomba radhi kwa kile kiti cha plastiki, na sikuipata, kwa sababu alikuwa amekisahau. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba.

Achieng alikuwa ameanza kukohoa. Kidogo, kama paka. Mke wangu na mimi tulimpeleka Homa Bay apigwe picha ya kifua, maana mtoto mdogo hajui kutema kohozi. Alipigwa picha amemshika bibi yake shingoni. Tukaambiwa tungoje. Ukitaka kujua mtu ni nani, mwangalie kwenye benchi la hospitali akingoja jibu la mtoto. Mimi nilianza kufanya biashara. Nilifumba macho nikamwambia Mungu achukue kochi, viti vyote saba, na televisheni nikaongeza, aniachie Achieng. Nadhani midomo ilikuwa inatikisika, maana mke wangu aligeuka.

"Unasema nini?"

"Naomba. Nimempa Mungu kochi."

Aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu mapazia.

"Kwani Mungu ni Salim?" akasema. "Unafikiri yuko mahali hana pa kukaa, anangojea hivyo viti vyako vimefungwa nailoni?"

Nikaona nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nampa Mwenyezi fanicha iliyotumika, na nilikuwa nategemea anishukuru. Miaka yote hiyo kanisani, nikiimba neema kwa sauti ya tatu, sikuwahi kufikiri kwamba neema ni kile usichoweza kukibadilisha na kitu. Nilidhani ni bidhaa. Nilidhani mwenye kochi amepewa nyingi na mjane anayebanika samaki amepewa kidogo, na nilimwekea kiti chake kulingana na kipimo hicho. Pale kwenye benchi sikuwa na cha kutoa hata kimoja chenye thamani ya pumzi moja ya yule mtoto. Nikanyamaza. Lile lilikuwa ombi langu la kwanza zuri.

Jibu likaja. Alikuwa nayo.

Adhiambo alifika kutoka Kisumu siku iliyofuata. Alimchukua mtoto wake magotini, akaangalia madirisha yaliyo wazi, akaangalia viti vya rangi ya maziwa, akaniangalia mimi. Hakuniita Min Ot wala kitu chochote cha mzaha.

"Baba, ulikuwa unalinda nini?"

Nikatoka kwenda kufukuza kuku. Kama una jibu, litunze.

Dawa ya Achieng ilikuwa vidonge vidogo vya kuyeyusha majini, vyenye harufu ya matunda. Asubuhi tuliketi uani sote wawili mbele ya Nyar Rusinga, babu na mjukuu, kama wanafunzi wawili wakorofi. Yeye alikunywa nusu ya kikombe chake akalamba ukingo.

"Kwara, yako ni chungu?" aliniuliza. Kwara maana yake ni babu yangu.

"Chungu sana."

"Yangu tamu." Akafikiri. "Nikupe?"

Nilimfunga kwenye chumba kisicho na hewa kwa ajili ya mbao na sponji, nikamkoholea kichwani miezi mitatu, naye ananigawia dawa yake. Mapasta wengi wamenieleza neema. Hakuna aliyenieleza vizuri kuliko huyo, na hakuwa amevaa hata viatu.

Miezi miwili ya kwanza ikaisha, vidonge vikapungua. Hapo nikuonye wewe unayepitia haya. Mwezi wa tatu utajisikia mzima, njaa itarudi, utakula ugali wa watu wawili, na akili itakuambia inatosha. Hiyo akili ni ileile ya madirisha. Usiisikilize. Meza mpaka mwisho. Na kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, nenda zahanati iliyo karibu, usiende kujificha Homa Bay, maana utakutana na mzee wa kanisa. Usiogope sahani yako ya bati. Fungua dirisha. Vumbi hupanguswa.

Mahindi yalivunwa. Mke wangu alirudi kuzungumza nami kikawaida, kwanza kwa kunigombeza, ambako kulinifurahisha kuliko kwaya. Jioni moja alileta chakula changu kwenye sahani ya kawaida, akakaa kando yangu, tukala samaki kwenye bakuli moja. Hakusema amenisamehe. Alinitolea tu mwiba kwenye kipande cha mgongoni, kama zamani.

Achieng alianza kuongezeka. Mzani wa zahanati ukawa kitu pekee ninachokitazama kwa pupa. Nailoni ya kochi niliichana mwenyewe kwa kisu. Achieng alirukaruka juu ya viti mpaka springi ikatokeza upande mmoja. Alimwaga uji, kuku akataga kwenye kona, na ile rangi ya maziwa sasa ni kahawia iliyojitengeneza yenyewe. Anayetaka kukaa anakaa. Nikikiangalia kile kitu naona haya, kama mtu anayekutana na mwanamke aliyewahi kumwimbia nyimbo ujanani. Mbao za mkaratusi na sponji! Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya sponji, tena nikitaka niitwe mbarikiwa.

Nilimaliza dawa mvua fupi zikianza. Achieng alimaliza wiki tatu baadaye. Zahanati walimpima, wakamsikiliza kifua, wakasema ni mzima. Tulirudi kwa miguu, amepanda mabegani mwangu, akinipiga kichwa kama ngoma, na mabega yalikuwa na nyama ya kutosha kumbeba.

Nilimkuta Nyar Rusinga akipanga samaki juu ya wavu wa kubanikia. Nikamwambia mtoto amepona. Alimshusha mabegani mwangu, akamwangalia macho, akamwangalia meno, akampa kipande cha samaki. Mimi nikaona huo ndio wakati. Nilikuwa nimetayarisha ushuhuda wa Jumapili, nikaanza kumsomea pale moshini: jinsi Bwana alivyonifungua kutoka utumwa wa kochi, jinsi nitakavyolitoa kochi mbele ya kanisa zima kama mfano, jinsi nitakavyosimama karibu nalo nikiwa nimeshika nailoni iliyochanika, na washirika wote waone mtu aliyedharau mali. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili. Achieng alikuwa akitafuna, mafuta yamemjaa kidevuni.

Nyar Rusinga hakugeuka kutoka kwenye moto wake.

"Min Ot, Mungu amekuachia mtoto, na wewe bado unahubiri kochi."